Tundu la Nyota Nyekundu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana, na mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Duka lilikuwa Lidcombe, kitongoji cha Sydney, nyuma ya gereji ya matairi. Mlango wake ulikuwa wa chuma, hauna kibao, kwa sababu wauzaji wa nishani hawapendi wezi wajue walipo. Mkurugenzi alikuwa mzee wa Kiaustralia, mwanajeshi mstaafu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba sukari. Hakuniuliza habari za safari. Aliniwekea mezani trei ya mahameli yenye nyota nyekundu, akanipa lenzi.

"Umeandika kwamba unasoma Kirusi," alisema. "Haya, soma."

Niligeuza nyota ya kwanza. Nyuma yake kulikuwa na maandishi madogo ya kiwanda cha serikali kilichoitengeneza, na chini ya maandishi kulikuwa na nambari iliyochongwa kwa mkono. Nikamsomea vyote. Akaniuliza nambari ile ni ya nini. Nikamjibu kwamba sijui, na sikuona aibu, maana nilikuwa sijajua.

"Kila nambari ina mwenyewe," akasema. "Utalipwa ukimjua ni nani."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza ninyi vijana mnaoniuliza kanisani kama ni kweli nililipwa kwa kutazama vyuma vya Warusi. Ni kweli. Tena nilikuwa hodari.

Kirusi nilikipata ujanani. Nilizaliwa Dodoma, nikabahatika kupelekwa Umoja wa Kisovieti kusomea uhifadhi wa nyaraka. Habari za baridi ya huko sitawasimulia. Kila aliyesoma huko anazisimulia, na wote tunatia chumvi. Nilirudi nyumbani na cheti, nikafanya kazi serikalini, kisha mume wangu akapata kazi Sydney nasi tukahamia huku. Mimi nikaangukia kwenye ghala la vyakula, nabandika lebo kwenye makopo. Kirusi changu kililala miaka mingi bila kazi, hadi nilipoona tangazo la duka lile. Binti yangu Neema alicheka sana. "Mum, who even buys that stuff?" akaniuliza. Nikamwambia wanaonunua watanilipa mimi, na hilo linatosha.

Nilianzia Meza ya Mapokezi, chini ya Mkurugenzi. Hapo ndipo vitu huletwa na kukaguliwa kabla ya mnada. Jambo la kwanza nililofundishwa ni kutofautisha medali na nishani. Medali hutundikwa kwenye utepe, na walipewa watu wengi. Nishani ni daraja la juu. Nyota Nyekundu ni nishani. Ni ya fedha, ina mikono mitano iliyopakwa rangi ya kioo na kuchomwa motoni, na katikati yake askari amesimama na bunduki. Haina pini. Mgongoni ina skrubu, kwa hiyo mwenye nayo hana budi kulitoboa koti lake, upande wa kulia wa kifua, apitishe skrubu, kisha aikaze kwa ndani na nati bapa ya duara. Watu wengi waliona huruma kutoboa koti jipya, lakini hakukuwa na njia nyingine.

Jambo la pili lilikuwa kuwatambua matapeli. Mtu anakwangua nambari ya zamani na kuchonga nyingine ya mtu mwenye sifa, apate bei. Ukiinamisha nyota kwenye mwanga utaona fedha imebonyea pale ilipokwanguliwa. Mkurugenzi alikuwa akipita nyuma yangu na kuniambia, "Usimsikilize anayeuza. Atakuambia babu yake aliingia Berlin peke yake." Alikuwa na ukali wa kuchekesha, na nilimpenda kwa sababu hakunidekeza wala hakunidharau.

Baadaye nikahamishiwa Katalogi, chini ya Mhariri wa Katalogi. Huyu mama alikuwa mwembamba, mkimya, na kalamu yake nyekundu haikulala. Kazi yetu ilikuwa kuandika maelezo ya kila kitu kinachoingia mnadani. Kwa nishani ya Kisovieti, maelezo yalianzia kwenye kadi. Kila aliyepewa nishani alifunguliwa kadi katika hifadhi ya nyaraka huko Urusi: jina lake, alikozaliwa, kikosi chake, na nambari ya nishani. Tulikuwa na wakala Moscow aliyetutafutia kadi hizo. Siku hizi mlango huo umefungwa kwa wageni, na wanaoianza kazi hii leo nawaonea huruma. Wakati wetu uliweza kumtumia wakala nambari ukapata jina, au ukamtumia jina ukapata nambari, ukisubiri kwa subira.

Siku moja niliandika kwamba dereva fulani wa kifaru alikuwa shujaa. Mhariri akaniita.

"Shujaa kasema nani?"

"Kamanda wake, kwenye hati ya pendekezo."

"Basi andika kamanda alisema nini. Wewe hukuwapo."

Nilinuna siku nzima. Kesho yake nikaandika alivyotaka, na tangu hapo sikuwahi kumwita mtu shujaa kwenye karatasi ya duka. Miaka ikapita, nikapandishwa kuwa Mkuu wa Utafiti. Idara yenyewe ilikuwa na mtu mmoja, mimi, lakini nilikuwa na meza karibu na dirisha na hakuna aliyegusa lenzi yangu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jumapili moja, baada ya ibada yetu ya Kiswahili huko Mount Druitt, nilikuwa nakunywa chai na Mama Furaha. Mama Furaha ni Mkongo wa Bukavu. Kabla vita havijamfukuza alikuwa fundi wa nguo mwenye jina, na hapa Sydney anahudumia wazee majumbani mwao. Siku ile chai yake ilipoa mkononi.

"Mama Neema, niko na shida na bibi yangu wa Guildford," alisema. "Hakule tangu juzi. Ananiangalia kama vile nilimuiba."

"Kwani umemfanya nini?"

"Nilimufanyia muzuri. Iko na veste moja ya zamani, ya bleu, anaichunga mu armoire, mu kabati yake, kama mutoto. Nikaona matundu, nikasema wadudu wamekula. Nikaibeba kwangu, nikashona. Unajua mushono yangu, hata haionekane. Kumuonyesha, akalia mupaka mujukuu wake akanitelefonia."

Nilimwelewa Mama Furaha. Kwa Wakongo, mzee kutoka nje na koti lenye tundu ni aibu ya nyumba nzima, na mwenye sindano akinyamaza aibu ni yake. Lakini kichwani mwangu lilikuwa limeshagonga jambo lingine.

"Tundu lilikuwa upande gani wa kifua?"

Akajigusa, akifikiri. "Moja kubwa huku, ku mukono ya kuume. Na zingine ndogo-ndogo huku ku gauche."

"La duara?"

"Ronde kabisa. Na kitambaa kimelala pale, kama kintu kizito kilikaa myaka."

Niliiacha chai yangu mezani. Nikamuuliza huyo bibi ni mtu wa wapi, akasema ni Mrusi, na kwamba alikuwa muuguzi wa vita. Nikamwambia kesho yake twende wote.

Alikuja stesheni ya Guildford na maua kumi ya kuomba msamaha. Nikachomoa moja, nikamkabidhi mwanamke aliyekuwa akipita. Mama Furaha akanishangaa. "Unapunguza maua ya mugonjwa?" Nikamweleza kwamba kwa Warusi maua yanayogawanyika kwa mbili ni ya kupeleka makaburini, na kwamba tayari alikuwa ameharibu vya kutosha. Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu shida ile ianze.

Bibi mwenyewe aliishi na mjukuu wake katika nyumba ya matofali. Alikuwa amekaribia miaka tisini, mdogo wa mwili, macho makavu na makali. Nilimsalimu kwa jina lake na la baba yake, kama adabu yao inavyotaka: Klavdia Ivanovna. Kusikia Kirusi kutoka kinywani mwa mwanamke wa Kiafrika hakukumshtua hata kidogo. Alinionyesha kiti, akayahesabu maua kwa macho, akaridhika.

Alinieleza bila kuzunguka. Nchi yao ilipovunjika, pensheni ilikuwa haitoshi mkate, na mjukuu huyu, wakati huo mtoto, alikuwa anaumwa. Akaipeleka Nyota yake Nyekundu sokoni, akaiuza pamoja na kijitabu chake cha hati, na medali zote. Koti hakuliuza. Kila mwaka, Siku ya Ushindi wao dhidi ya Hitler, alilivaa likiwa na tundu lake, na Warusi wenzake wa Sydney waliliona tundu wakajua kwamba hapo palikuwa na nyota.

"Rafiki yako ana mikono ya dhahabu," aliniambia. "Sasa sina hata mahali ilipokuwa."

Nilipomtafsiria, Mama Furaha alitaka kukata nyuzi pale pale. Klavdia Ivanovna akatikisa kichwa. "Mwambie aache. Hakuna cha kuweka."

Maneno hayo yalinichoma. Nilimuuliza tu alizaliwa wapi na alitumikia kikosi gani, kama mtu anayepiga soga, na sikumwambia lolote, kwa kuwa kumpa mzee tumaini la uongo ni ukatili. Lakini nilipiga moyo konde nikiwa bado nimeshika kikombe chake cha chai. Nyota ile ingerudi kwake akiwa hai. Kazi nyingine zote nilizofanya zilikuwa za watu waliokwisha kufa. Huyu alikuwa mbele yangu, anapumua kwa shida.

Mkurugenzi nilimweleza kesho yake.

"Mteja ni nani?" akauliza.

"Hakuna mteja."

"Basi hakuna kazi."

"Nitaifanya saa ya chakula cha mchana."

Alinitazama, akajua uso wangu, maana alikuwa ameshauzoea. "Saa ya chakula mimi sina amri," akasema. "Mtumie wakala wetu. Ila ukichelewa kurudi mezani, tutaonana."

Nilimtumia wakala jina, na baada ya kusubiri sana kadi ikaja. Ilikuwa na nambari ya nyota moja tu. Nikaiandika kwenye kikaratasi nikakibandika juu ya meza, nikaanza kuwaandikia wakusanyaji, wa Ujerumani, wa Marekani, wa Urusi kwenyewe. Wengi hawakujibu. Mkusanyaji wa nishani huficha nambari zake, kwa sababu ikijulikana kwamba moja iliibwa makumbushoni, polisi watamgongea. Niliandika tena. Wengine waliniomba niache kuwasumbua, nikawashukuru kwa kunijibu na kuwaandikia mara ya tatu. Kila Jumapili Mama Furaha aliniletea habari za bibi. Alilazwa. Ametoka. Amelazwa tena. "Bado iko," aliniambia. "Lakini fanya mbio, Mama Neema."

Kulikuwa na mteja wetu mmoja wa siku nyingi, daktari wa meno aliyestaafu, anayeishi ng'ambo ya kaskazini ya daraja la bandari, kwenye nyumba inayoona maji. Hakujibu barua zangu hata moja. Nikaenda kwake. Alinikaribisha kwa heshima, akaniuliza nimefuata nini, nikamwambia nimefuata kuangalia droo zake. Nadhani ni ule ujasiri wa kuchoka uliomshinda. Akafungua. Mkusanyiko wake ulikuwa safi, kila nyota kwenye kitanda chake cha mahameli. Nilizigeuza moja moja, na kwenye droo ya tatu nikaikuta. Nambari ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Nikaisoma mara ya pili.

"Haiuzwi," daktari akasema kabla sijafungua mdomo.

"Sijaja kununua. Nimekuja kukuambia kwamba mwenye nyota hii yuko hai."

Kwa muda wote aliokusanya, hakuwahi kuambiwa maneno hayo, na mimi sikuwahi kumwambia mtu.

"Yuko wapi? Moscow?"

"Guildford. Utashuka stesheni ya Guildford, nitakupokea."

"Sijawahi kufika Guildford."

"Basi utafika Jumamosi," nikamwambia, "na nyota mfukoni."

Alikuja kweli, na kofia yake nzuri, nyota ameiweka kwenye kikasha cha miwani. Njia nzima kutoka stesheni alinihoji kama nina hakika. Nikamjibu kwa majivuno ya kazi kwamba watu husema uongo, nambari hazisemi.

Klavdia Ivanovna alikuwa kitandani. Mama Furaha alikuwa ameliandaa koti kwenye henga, amelipiga pasi. Daktari alifungua kikasha, nami nikaiweka nyota kwenye kiganja cha bibi, nikamwambia, "Imerudi." Akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye mikono yake yote mitano, mmoja baada ya mwingine, polepole. Kisha akaniangalia.

"Siyo hii," akasema.

Daktari hakujua Kirusi, lakini uso wangu alikuwa ameusoma.

"Klavdia Ivanovna, nambari ni yako. Nimeiona kadi yako."

"Nambari ni yangu. Lakini nyota niliyouza siyo hii. Ile ilikuwa imemeguka mkono mmoja. Ile ilikuwa ya Nyura."

Nikamuuliza Nyura ni nani. Alinijibu kwa vipande, akipumzika katikati, na mimi nikatafsiri kwa sauti ili wote wasikie. Nyura alikuwa muuguzi mwenzake. Walipewa nyota zao siku moja, ndani ya shule isiyo na paa. Jioni ile wakabadilishana. Kila mmoja alivaa ya mwenzake, ili atakayefika nyumbani afike na wote wawili. Kamanda angejua angewaadhibu, kwa hiyo hawakumwambia mtu, na yeye hakuwahi kumwambia mtu hadi siku ile. Muda si mrefu Nyura akauawa wakivuka mto, na nyota yenye nambari ya Klavdia kifuani. Klavdia alirudi nyumbani na ya Nyura, akaivaa zaidi ya nusu ya maisha yake, kisha akaipeleka sokoni.

"Nilimuuza Nyura," alisema. "Nilinunua mkate na dawa. Tundu lile nililiacha wazi kwa ajili yake."

Kadi ya Moscow ilikuwa sahihi, nambari ilikuwa sahihi, na nilikuwa nimemletea nyota ambayo hakuwahi kuivaa zaidi ya mchana mmoja. Nani aliitoa kwenye mwili wa Nyura, ilipita mikono ya nani hadi kufika kwenye droo ya daktari wa meno huko Sydney, hakuna karatasi duniani inayosema.

Klavdia Ivanovna akaifunga ngumi yake juu ya nyota, akaiweka shingoni, na sura yake ikabadilika kabisa. "Hii ndiyo iliyokuwa naye mtoni," akasema. Daktari wa meno, mtu asiyeishiwa maneno, alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili. "Mwambie ibaki hapa," akaniambia.

Bibi akamwelekezea Mama Furaha koti, kisha akachezesha vidole viwili kama mkasi. Mama Furaha akapiga magoti chini ya dirisha, akaanza kufumua uzi wake mwenyewe. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye kitambaa. "Nilishona muzuri sana," alilalamika. "Hata mukasi inakataa." Tundu lilipofunguka nilipitisha skrubu, nikaikaza nati kwa ndani kwa vidole vyangu. Siku ile Klavdia Ivanovna alikula bakuli zima la uji, na koti alilivaa juu ya nguo ya kulalia.

Tangu hapo niliacha kuandika kwenye katalogi kwamba nishani ilivaliwa na fulani. Niliandika kwamba ilitolewa kwa fulani. Mhariri aliliona badiliko hilo mara moja, akaniuliza sababu, nikamsimulia. Aliiweka kalamu yake nyekundu mezani. Ni mara pekee niliyoona akifanya hivyo.

Klavdia Ivanovna alifariki kabla ya Siku ya Ushindi iliyofuata. Mjukuu wake alitaka kumrudishia daktari nyota, akaileta msibani imefungwa kwenye leso. Miaka yote nilikuwa nimewahubiria wateja kwamba nishani haizikwi, kwamba ikiingia ardhini historia yake imeingia nayo. Daktari alijua mahubiri hayo kuliko mtu yeyote. Akanigeukia mbele ya jeneza. "Mkuu wa Utafiti anasemaje?" Nikamwambia airudishe kwenye koti alilovishwa marehemu. Aliikaza mwenyewe.

Nimestaafu sasa. Naishi vizuri, magoti tu yananisumbua. Mnaponiuliza kazi ile ilinifunza nini, huwa nawajibu kwa kifupi kwamba ilinifunza kung'ang'ania, na kweli sijui kipaji changu kingine. Lakini msidhani nimekaa. Iko nyota moja iliyomeguka mkono mmoja, iliyouzwa sokoni kwa mkate na dawa. Nambari yake sina, kadi ya Nyura siwezi kuiomba tena kwa kuwa mlango wa hifadhi umefungwa, na jina la ukoo wake Klavdia Ivanovna alinipa siku zake za mwisho, kwa sauti ambayo ilibidi niinamie mdomo wake kuisikia. Kila wiki nawaandikia wakusanyaji. Wananijibu kwamba nilishastaafu. Nawaambia wafungue droo.